Tongoni si Mahame

Kwetu Mhezi, huko juu kwenye milima ya Upare, kuna kiwanja ambacho bibi yangu alikuwa hataki tukiite pori. Kilikuwa na migomba iliyojiotea, mafiga matatu na alama ya ukuta chini. Wenyewe walihamia Dar es Salaam kabla sijazaliwa. Tukitaka kukatisha hapo kwenda kuchota maji, bibi alikuwa anatuzuia: "Zungukeni. Hapo ni kwa watu."

Nilimkumbuka bibi siku nilipofika Tongoni.

Kwa sisi wa Upare, Tanga si ugenini sana. Reli iliyoanzia bandari ya Tanga ilipita chini ya milima yetu na kufika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo watu wetu wamekuwa wakishuka na kupanda. Mimi nilishuka kwa basi, nikalala Tanga mjini, asubuhi nikashika barabara ya Pangani. Kama kilomita 20 hivi kusini mwa jiji, unakunja kuelekea baharini, na hapo ndipo Tongoni: kijiji kidogo cha wavuvi na wakulima, minazi, mikoko, na ngalawa zikisubiri maji yajae.

Jina lenyewe ni kitendawili. Tongo ni mahali palipokuwa na makazi, yakaachwa. Wengi tunalijua neno hilo kwa wingi wake, matongo. Kwa hiyo mtu anayesema "naishi Tongoni" ni kama anasema anaishi mahameni. Sababu iko wazi ukifika. Upo msikiti wa mawe ya matumbawe uliobomoka, na kuuzunguka yapo makaburi zaidi ya 40. Mengine yalijengewa nguzo, na nguzo nyingi zimeshalala chini. Ni mabaki ya mji uliokuwa na neema yake katika karne ya 14 na ya 15.

Sasa, ukisoma habari za Tongoni, utasoma habari za mawe. Nguzo ngapi, urefu gani, msikiti una vyumba vingapi. Wanakijiji wakitajwa, wanatajwa mwishoni, kama majirani wa makaburi ya watu wengine. Hapo ndipo ninapobisha.

Maana kwenye maandishi ya zamani kabisa yanayopataja mahali hapa, wanaoonekana ni watu. Mwezi Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilipita pwani hii zikielekea Mombasa. Moja yao, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu. Wareno wakaona milima upande wa bara wakaipa jina la meli yao, kana kwamba Wasambaa walikuwa hawajaipa jina. Lakini mwandishi wa shajara ya safari ile anasimulia pia kwamba maji yalipokupwa vilikuja vyombo viwili vya wenyeji vikiwa na machungwa, tena anakiri kuwa ni mazuri kuliko ya kwao Ureno. Wawili kati ya wenyeji hao wakabaki melini, wakaondoka nao hadi Mombasa.

Mwaka uliofuata, Januari 1499, Wareno wakarudi kutoka India. Kiseyeye kilikuwa kimewaua mabaharia wengi kiasi kwamba hawakutosha tena kuendesha meli tatu. Ile São Rafael wakaichoma moto hapo hapo, mbele ya mji ambao wakati huo uliitwa Mtang'ata. Walikaa kama siku 15, na wenyeji wakawa wanawaletea kuku, wanabadilishana kwa mashati na bangili. Machungwa, kuku, wawili walioomba lifti ya kwenda Mombasa. Hiyo ndiyo Tongoni ya kwanza kuandikwa: kijiji kinafanya biashara na mgeni ambaye hakijajua bado atakuja kuwa nani.

Baadaye kilijua. Wareno walipoishika biashara ya bahari katika karne ya 16, miji mingi ya pwani ilififia, na Mtang'ata nao ukafifia. Ila watu hawakwisha. Masimulizi yanasema katika karne ya 18 walihamia hapa watu kutoka Kilwa, wakapaita Sitahabu, yaani afadhali hapa kuliko kule. Mzungu Richard Burton alipofika mwaka 1857, aliyakuta magofu. Unaona basi: mahali pamoja, wengine wanapaita gofu, wengine wanapaita afadhali.

Kuna watakaosema, "Sawa, lakini hao wa leo sio waliojenga." Hoja hiyo ni ya zamani, na zamani ilikwenda mbali zaidi: walidai hata waliojenga hawakuwa watu wa hapa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya zamani ya pwani, yakiwemo ya Mtwapa, Manda na Kilwa. Wengi wa waliozikwa humo walikuwa na asili mchanganyiko, ya Afrika kwa sehemu kubwa upande wa akina mama, na ya Uajemi upande wa akina baba. Yaani pwani ni watu wa kuja na watu wa kupokea, tangu zamani. Kwenye barabara hii hii ya Pangani, kabla hujafika Tongoni, iko Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Wazazi wake asili yao ni Wayao, watu wa kusini kabisa. Nani atasema Shaaban Robert si wa pwani?

Bahari ya Tongoni ina ushahidi wake pia. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walikuwa wamemwandika kuwa alitoweka miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita, mpaka mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa pwani ya Tanga wakaanza kuwatoa kwenye majarife yao, mmoja baada ya mwingine. Leo eneo hili lote ni hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Alikuwepo muda wote. Waliomwandika kuwa amekufa hawakuwa wakivua hapa.

Jioni niliwakuta watoto wakicheza karibu na makaburi. Mzee mmoja akawakemea wasipande juu ya kuta. Sikumsikia akitaja urithi wala utalii. Alisema tu, "Shukeni, hapo wamelala watu."

Nilirudi Same na swali ambalo bado ninalo. Nyumba ya bibi kule Mhezi imefungwa tangu alipofariki. Sisi wajukuu tuko Dar, Arusha, wengine mbali zaidi, na paa limeanza kubonyea upande mmoja. Muda si mrefu patakuwa tongo. Sina hakika kama yupo aliyebaki wa kuwaambia watoto wazunguke.