Mikanda ya Roboti Yetu Ilitoka Wapi

Wengi mliona ile video ya roboti yetu ikipanda mchanga kando ya laga, mkatuuliza: sasa nyinyi watu mliokimbia bunduki, mbona mmeweka bunduki juu yake? Swali ni halali. Hata sisi wenyewe tulibishana siku nne. Lakini tuanze na mikanda, maana ndiyo iliyotuingiza kwenye historia.

Mwanzoni roboti ilikuwa na magurudumu manne. Kwenye sakafu ya darasa ilikimbia sawasawa. Kwenye mchanga wa Kakuma ikachimba shimo na kukaa humo. Kumbe shida hiyo hiyo ilimpata Benjamin Holt kule Stockton, California. Trekta zake za mvuke zilikuwa nzito, na udongo wa mashamba ya kule ni laini, zinazama. Watu walijaribu kuongeza upana wa magurudumu mpaka trekta ikawa pana kama nyumba. Mwezi wa Novemba 1904 Holt akatoa magurudumu ya nyuma, akafunga mikanda ya vipande vya mbao. Uzito ukatawanyika juu ya eneo kubwa, trekta ikapita. Mtu mmoja aliyeiona alisema inatambaa kama kiwavi, na jina likabaki.

Kwa hiyo mikanda ya Holt ilizaliwa shambani. Jeshi lilikuja baadaye. Trekta za Holt zilivuta mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na tarehe 15 Septemba 1916 Waingereza wakaingiza vifaru vya mikanda vitani kule Somme, Ufaransa. Mwaka 1942 Wajerumani wakaleta Goliath, kigari kidogo cha mikanda kilichoongozwa kwa waya, kimebeba baruti, kikifika kinalipuka. Hapo mwenzetu mmoja alifunga daftari akasema, basi tuachane na hii kitu.

Hatukuachana nayo, kwa sababu ya wilbaro. Mwaka 1972 huko Ireland Kaskazini, wanajeshi Waingereza waliokuwa wakitegua mabomu walikuwa wanakufa kwa sababu mtu alilazimika kuliendea bomu kwa miguu. Peter Miller, afisa mstaafu, akachukua sehemu ya chini ya wilbaro ya umeme, ile ya bustani, akaifanya iongozwe kutoka mbali. Ikaitwa hivyo hivyo, Wheelbarrow. Baadaye ikapewa mikanda, na juu yake ikawekwa bunduki. Ndiyo, bunduki, lakini inayopiga maji kwa nguvu sana, ikivunja nyaya za bomu kabla halijalipuka.

Bunduki yetu ilitoka kwenye boksi la vitu vya kuchezea vya mitumba, inarusha vishale vya sponji. Na historia yake nayo haikutoka jeshini. Lonnie Johnson, kijana Mweusi wa Alabama wakati wa ubaguzi, alitengeneza roboti kwa vyuma chakavu na mwaka 1968 akashinda maonyesho ya sayansi ya jimbo. Akawa mhandisi, akabuni bunduki ya maji ya watoto, halafu na baadhi ya zile za vishale.

Haya yote tulimsimulia mama mmoja wa bloku yetu, anayetoka Kivu kama wengi wetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: mtoto wangu hajui Somme wala Alabama, anajua umbo. Siku ile mlipoijaribu aliingia chini ya kitanda.

Hapo hatukuwa na jibu la kitabuni. Tulikata mdomo wa ile bunduki, tukabakiza springi yake tu, tukafunga bomba la sindano lisilo na sindano. Sasa inarusha maji na kuangusha kopo kwa hatua tatu. Ufundi wa kuiendesha haukubadilika: mota mbili, moja kwa kila mkanda, ukisimamisha ya kushoto inageuka kushoto. Mikanda ni tyubu ya baiskeli. Rimoti hatuna, tunatumia waya mrefu.

Yule mama alirudi kuiangalia akiwa na mtoto. Mtoto aliangusha kopo mara sita. Mama aliuliza kama inaweza kubeba jerikeni ya lita ishirini kutoka bombani. Tulijaribu na lita tatu, ikasimama, mota ni ndogo. Mwenye mota ya wipa ya gari bovu atutafute, tupo darasani kila Jumamosi mchana.