Kuendesha baiskeli na marafiki Nakivale: jinsi ya kupanga safari ya kikundi mashambani

Iite baiskeli, kinga, velo au igare: katika makazi ya Nakivale karibu kila kaya inaijua. Hubeba maji, kuni, ndizi na watoto wa shule. Lakini vijana na watu wazima wengi pia huitumia kwa jambo jingine: kutoka pamoja siku ya mapumziko, kupita vilima na mashamba ya Isingiro, kupumua, kuzungumza na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Safari ya namna hii haina gharama kubwa na huwakutanisha watu wa mataifa mbalimbali na wenyeji. Ina hatari zake pia, hasa kwa mtu aliyefika Uganda karibuni. Makala hii inaeleza unachopaswa kujua kabla ya kutoka, njiani, na jambo likiharibika.

Je, mkimbizi anaruhusiwa kutoka nje ya makazi kwa baiskeli?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutembea ndani ya nchi, kwa kufuata masharti yaliyowekwa na sheria. Kwa safari ya siku moja, zingatia haya:

- Beba kitambulisho chako cha mkimbizi. Kama bado huna, beba hati uliyopewa ulipoandikishwa. Ifunge ndani ya plastiki isilowe jasho au mvua.
- Ukitaka kulala nje au kukaa siku kadhaa, uliza kwanza katika ofisi ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) ya eneo lako.
- Usivuke mpaka. Wilaya ya Isingiro inapakana na Tanzania, na kitambulisho cha mkimbizi cha Uganda hakikupi ruhusa ya kuingia nchi nyingine. Kama hujui njia inaelekea wapi, muulize mwenyeji au rudi.
- Usiingie katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo bila ruhusa. Hifadhi ina malango na malipo yake, na ndani kuna wanyama wa porini.
- Usipange safari siku ya kugawa chakula au ya uhakiki. Ukikosa uhakiki, inaweza kukuchukua muda mrefu kurekebisha jina lako.

Kushoto, siyo kulia

Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka barabarani. Kongo, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Ethiopia, Eritrea na Somalia, vyombo hupita upande wa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania, vyombo hupita upande wa kushoto. Kama ulijifunza baiskeli Bukavu au Bujumbura, mwili wako bado unakumbuka kulia hata kama kichwa kinajua kushoto.

Watu husahau hasa katika nyakati hizi tatu:

- Baada ya kusimama kupumzika. Barabara ni tupu, unapanda baiskeli na kujikuta upande wa kulia. Kabla ya kuondoka, kiongozi aseme kwa sauti: "Kushoto!"
- Unaposhtuka. Lori likitokea ghafla kwenye kona, mkono unavuta kuelekea upande uliozoea. Ndiyo maana kwenye kona na vilele vya vilima mnapunguza mwendo na kubaki pembeni kabisa.
- Unapovuka. Hapa gari la kwanza kukufikia hutoka kulia kwako. Tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena.

Ukitaka kukata kulia kwenye barabara yenye magari mengi, kama lami ya Mbarara kwenda Kikagati, usijaribu kuingia katikati. Simama pembeni kushoto, shuka, subiri njia iwe wazi, kisha vuka ukisukuma baiskeli.

Chagueni njia na saa

Makazi ya Nakivale yamegawanyika katika maeneo ya Base Camp, Juru na Rubondo, na ziwa Nakivale liko hapo hapo. Njia nyingi ni za udongo mwekundu. Kwa kikundi kipya, panga kilomita 10 hadi 15 kwa jumla, kwenda na kurudi. Kwa baiskeli nzito ya kawaida kwenye udongo na vilima, hesabu kama kilomita 10 kwa saa, na uongeze muda wa kupumzika na wa kuziba pancha.

Tokeni asubuhi. Hapa jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima na giza huingia haraka. Kumbuka pia kwamba saa ya Uganda iko mbele kwa saa moja ukilinganisha na Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Kama simu yako bado inafuata saa ya nyumbani, irekebishe.

Mvua kubwa huja mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na kuanzia Septemba hadi Desemba. Udongo ukilowa huteleza kama sabuni, na breki za mpira kwenye rimu za chuma hukamata vibaya zikiwa na maji. Mvua ikianza mkiwa juu ya kilima, shukeni na msukume baiskeli.

Karibu na ziwa na mabwawa, ondokeni mapema kabla ya jioni. Viboko hutoka majini kula nyasi wakati wa giza, na kiboko aliyefungiwa njia ya kurudi majini ni hatari sana.

Kagua baiskeli kabla ya kutoka

Ukaguzi huu unachukua dakika tano:

- Breki: bana breki ya mbele na usukume baiskeli. Gurudumu lisizunguke. Fanya vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Baiskeli yenye breki moja isiende kwenye vilima.
- Tairi: bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea kirahisi, ongeza upepo. Tazama kama kuna mipasuko.
- Mnyororo: usiwe umelegea sana. Tia oili kidogo, kisha ufute iliyozidi. Oili nyingi hushika vumbi na kuula mnyororo.
- Usukani na kiti: vishike na kuvizungusha. Vikicheza, kaza kwa spana.
- Kengele: kama haipo, utatumia sauti yako.

Kama unakodi kwa fundi, kubalianeni mapema ni nani atakayelipa ikiharibika, na mfanye ukaguzi huu mbele yake. Ukinunua baiskeli iliyotumika, andikishaneni karatasi yenye majina, tarehe na alama za baiskeli, pamoja na mashahidi. Bila karatasi ni vigumu kuthibitisha kwamba si ya wizi.

Mwendo wa kikundi

Kikundi cha watu 5 hadi 8 ni rahisi kuongoza. Wakiwa wengi zaidi, gawanyikeni katika vikundi viwili.

- Mmoja anakuwa mbele, anaijua njia. Mmoja anakuwa nyuma, ana pampu na viraka. Hakuna anayempita wa mbele, na hakuna anayebaki nyuma ya yule wa nyuma.
- Mwendo ni wa yule anayechoka haraka. Mwekeni karibu na mbele, siyo mwisho.
- Pangeni mstari mmoja. Kupanda wawili wawili mkizungumza ni kuzuri, lakini fanyeni hivyo kwenye njia ya mashambani isiyo na magari wala bodaboda.
- Acheni nafasi ya baiskeli mbili kati ya mtu na mtu. Mkiteremka au kukiwa na vumbi, ongezeni mara mbili.
- Kila njia panda simameni nje ya barabara, muhesabiane, kisha mwendelee.

Katika kikundi kimoja mnaweza kuwa na Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Runyankole. Chagueni maneno machache ambayo wote watayajua na kuyarudisha nyuma kwa sauti: "Gari!", "Shimo!", "Mchanga!", "Simama!". Neno la mbele lisipofika nyuma, halina kazi.

Ng'ombe, migomba na watu wa njiani

Isingiro ni nchi ya matoke na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Njia unayoiona kama ya matembezi ni njia ya mtu kwenda shambani. Migogoro mingi inaweza kuepukwa kwa heshima ndogo:

- Salimu kwanza. "Agandi" inatosha kuanza mazungumzo, na jibu lake ni "Ni marungi". Kushukuru ni "Webare". Kwa mzee, shuka kwenye baiskeli ndipo umsalimu.
- Ukikutana na ng'ombe, simama pembeni wapite. Usipige kengele nyuma yao, na usipite kati ya ng'ombe na ndama wake.
- Usikate njia ndani ya migomba wala kuchuma tunda hata moja. Ndizi moja kwako ni ndogo, lakini mwenye shamba anakumbuka kikundi kizima, na kesho atamzuia mtu mwingine kupita.
- Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu, nyumba au mifugo.

Njia bora zaidi ni kuwaalika majirani wenyeji. Wanajua vijia, wanajua wapi pana maji, na mkifika kwa watu tayari mna mtu wa kuwatambulisha.

Wanawake na wasichana

Baiskeli si ya wanaume peke yao. Kinachowazuia wasichana wengi ni maneno ya watu, nguo na hofu ya njia. Mnaweza kusaidia hivi: waanze wawili au zaidi badala ya mmoja peke yake, wajifunzie uwanjani kabla ya barabarani, wazazi waambiwe njia, saa ya kurudi na majina ya wenzao. Kitenge kirefu huingia kwenye spoku na kumwangusha mtu, kwa hiyo vaa suruali ndani na ufunge kitenge kifupi, au funga pindo vizuri. Asiachwe mtu kurudi peke yake kwa sababu amechoka. Akirudi mmoja, mwingine amsindikize.

Pancha: fanya hivi

Kikundi kibebe pampu, viraka, gundi, kipande cha msasa na vyuma viwili vya kutolea tairi.

1. Toa upande mmoja wa tairi, kisha vuta tyubu nje.
2. Itie upepo na usikilize, au ipitishe kwenye maji. Mapovu yataonyesha tundu. Weka alama.
3. Pitisha kidole polepole ndani ya tairi. Mwiba ukibaki humo, utatoboa tena baada ya mita 100.
4. Kausha, kwaruza kwa msasa, paka gundi nyembamba na usubiri mpaka isinate kidoleni. Hapa ndipo wengi hukosa subira.
5. Bandika kiraka na ukibane kwa nguvu. Rudisha tyubu, tia upepo kidogo, hakikisha haijabanwa na tairi, kisha jaza.

Mtu akianguka

- Ondoeni watu na baiskeli barabarani. Mmoja asimame mbali kuonya magari.
- Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Kikitoka damu nyingi, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuachia. Kwenye kituo cha afya, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.
- Aliyegonga kichwa, kisha anatapika, anasinzia, anachanganyikiwa au kichwa kinazidi kumuuma, apelekwe kituo cha afya mara moja. Asiendeshe, hata akisema yuko sawa. Kofia ngumu ya baiskeli au bodaboda hupunguza hatari hii.
- Asiyeweza kusogeza shingo au miguu msimwinue. Piteni kwa msaada kwanza.

Bebeni maji safi, angalau nusu lita kwa kila saa ya safari, na msinywe maji ya ziwa yasiyochemshwa. Ndizi mbivu, karanga au chapati zinatosha kwa chakula.

Mahali pa kupata msaada

- Polisi na dharura: piga 999 au 112.
- Mtoto akiwa hatarini: piga 116.
- Mgogoro na jirani au mwenye shamba: nenda kwa mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji chako (RWC1) pamoja na mwenyekiti wa LC1 wa upande wa wenyeji. Waende wote wawili, siyo mmoja.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu nyumbani njia mtakayopita na saa mtakayorudi. Saa ikipita na hamjafika, atajua aanzie wapi kuwatafuta.