Sanaa ya Keya Haikutundikwa Ukutani

Ile sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, Nairobi, ilitengenezwa na Mwingereza aliyeitwa James Alexander Stevenson, na ikazinduliwa mwaka wa 1928. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalitungwa na Mwingereza mwingine, Rudyard Kipling. Mpagazi amechongwa humo pia, sawa, lakini yeye hana neno. Ndiyo maana huwa napita pale bila kusimama.

Uingereza na Marekani siku hizi wanajeshi wastaafu hupewa ukumbi kwa siku chache, wanatundika michoro yao, watu wanakuja kuona. Wazo zuri. Ila ukilileta Homa Bay vile lilivyo utakuta kuta tupu, na utaondoka ukidhani wazee wa Keya hawakuacha sanaa yoyote.

Waliiacha. Tatizo ni kwamba inasikika zaidi kuliko inavyoonekana.

Vita havikuwa hadithi ya mbali huku. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakafika mpaka Kisii, na baadaye vijana wa Nyanza wakazolewa kwenda kubeba mizigo ya jeshi, kazi iliyoua watu wengi kuliko risasi. Vita vya pili vikawapeleka mbali zaidi. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipigana kwenye matope ya bonde la Kabaw, Burma. Huko huko jeshi lilikuwa na kikosi cha burudani, na Fundi Konde wa Kilifi alikuwa mmoja wa wapiga gitaa wake.

Waliorudi Nyanza walirudi na vyombo. Kodiani, ambayo Wajaluo waliiita onanda, ilishapata wapenzi kabla ya vita vya pili; gitaa likashika baada ya hapo. Mikono iliyozoea nyatiti ikaanza kulipiga gitaa kwa kudonoa nyuzi mojamoja, na miaka si mingi baadaye tukapata benga. Sisemi benga ni ya wanajeshi. Nasema bila mizigo yao ya kurudi nyumbani, sijui kama ingekuwa hivi ilivyo.

Halafu kuna mzee Hussein Onyango, mzaliwa wa Kanyadhiang, Kendu Bay, babu yake Barack Obama. Katika kitabu alichochapisha Obama mwaka wa 1995, bibi anasimulia kwamba Onyango alienda vitani kama mpishi wa ofisa mmoja Mzungu, na aliporudi alikuja na gramafoni na picha ya mwanamke aliyedai kumwoa Burma. Fikiria hiyo picha kidogo. Nyumbani kuna wake, na mzee anaiweka tu. Kwangu mimi hayo ni maonyesho kamili: kitu kimoja cha kusikiliza, kimoja cha kutazama, na maswali ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza.

Kwa hivyo kama kuna mtu ana hela ya maonyesho ya siku tatu, aache kutafuta rangi na turubai. Aje Kendu Bay, Mbita, Ndhiwa, aombe watu walete picha, medali, santuri, kodiani zilizopasuka mifuko. Aweke spika na viti. Na aharakishe, manake aliyekuwa na miaka 18 kule Kabaw alizaliwa 1926, na wajukuu wanaojua majina ya walio kwenye zile picha nao wana mvi.