Nani Aliyepiga Picha? James Barnor kati ya Accra na London

Mwalimu wa Kiswahili anaposahihisha insha hukutana mara kwa mara na sentensi kama hii: "Jana mimi na mama tulikwenda studio kupiga picha." Baadhi yetu huweka alama nyekundu hapo, kwa hoja kwamba aliyepiga ni mwenye kamera, mama na mwanawe walipigwa. Hata hivyo, mitaani watu husema hivyo hivyo na kueleweka. Je, ni kosa la sarufi, au wasemaji wanalijua jambo ambalo kalamu nyekundu hailioni? Makala haya mafupi yanalitazama swali hilo kupitia kazi ya mpiga picha wa Ghana, nchi ambayo Kiswahili si lugha yake, lakini ambayo historia yake ya picha inatufaa sana darasani.

James Barnor alizaliwa Accra mwaka 1929, wakati nchi ile ikiitwa Gold Coast chini ya utawala wa Waingereza. Alijifunza kazi kwa binamu yake, J.P.D. Dodoo, aliyekuwa mpiga picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifungua studio yake katika mtaa wa Jamestown, akaiita Ever Young, yaani "kijana daima", jina lililotokana na hadithi aliyoisoma shuleni. Jina hilo lilikuwa pia ahadi kwa wateja, kwani mikunjo ya uso iliweza kupunguzwa kwa mkono kabla ya picha kukabidhiwa.

Waliofika studioni hawakuwa watu wa kungoja tu kupigwa. Kila mmoja alikuja na nguo aliyoichagua na sababu yake. Karibu na mwaka 1954 alipigwa picha Selina Opong, ambaye anatajwa pamoja na nambari yake ya kazi: polisi wa kike nambari 10. Nambari hiyo inatueleza jinsi wanawake polisi walivyokuwa wachache wakati ule. Picha ile, basi, ni ushahidi wa cheo kipya ambacho mwanamke alikuwa amekipata katika nchi iliyokuwa ikielekea kujitawala.

Wakati huo huo Barnor alifanya kazi ya habari. Alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza wa gazeti la Daily Graphic, lililoanzishwa mwaka 1950, na alilipigia picha pia jarida la Drum, lililoanzia Afrika Kusini na kusomwa hata Afrika Mashariki. Uhuru wa Ghana ulipotangazwa tarehe 6 Machi 1957, kamera yake ilikuwapo. Mtu yule yule aliyempiga picha Kwame Nkrumah ndiye aliyewapiga watoto wa majirani zake.

Mwezi Desemba 1959 Barnor alihamia London. Huko alisoma katika Chuo cha Sanaa cha Medway, akaendelea kulipatia Drum picha za mitindo ya mavazi. Tukumbuke hali ya wakati ule: majalada ya mitindo ya Uingereza yalitawaliwa na sura za wazungu, na ni Machi 1966 tu ambapo mwanamke mweusi, Donyale Luna, alionekana kwa mara ya kwanza kwenye jalada la Vogue ya Uingereza. Mwaka huo huo Barnor alimpiga picha Erlin Ibreck katika uwanja wa Trafalgar. Mwaka 1967 alimpiga mtangazaji Mike Eghan pale Piccadilly Circus, mikono ameikunjua kama mwenye mji. Pazia la studio lilikuwa sasa jiji lenyewe, na Waafrika waliosimama mbele yake walitangaza kwamba nao ni wakazi wake.

Karibu na mwaka 1970 Barnor alirudi Ghana, akasaidia kuanzisha huduma ya kusafisha picha za rangi kwa niaba ya kampuni ya Agfa-Gevaert. Mwaka 1973 alifungua Studio X23 mjini Accra. Alirejea London mwaka 1994 bila umaarufu mkubwa. Heshima ilikuja akiwa mzee: maonyesho ya mwaka 2010 yaliyoandaliwa na taasisi ya Autograph, kisha maonyesho makubwa katika jumba la Serpentine mwaka 2021. Hayo yaliwezekana kwa sababu moja ya kawaida kabisa: alikuwa amezihifadhi filamu zake, makumi ya maelfu ya picha, na aliweza kuzieleza.

Sasa turudi kwenye alama yetu nyekundu. "Alitupiga picha" inamtaja mwenye kamera. "Tulipiga picha" inawataja waliochagua siku, nguo, mkao, na mtu watakayempelekea nakala. Sentensi zote mbili ni za kweli, na mwalimu atafanya vyema kufundisha tofauti yake badala ya kuifuta moja. Wasemaji wanajua kwamba picha ya studio ni kazi ya pande mbili.

Lakini picha ikikosa maelezo, upande mmoja hupotea. Katika miji yetu studio nyingi za zamani zimefungwa, na majumbani zimebaki picha zisizo na maandishi nyuma. Mzee anayezijua sura hizo akiondoka, polisi wa kike nambari 10 hugeuka kuwa "mwanamke fulani".

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi hili. Kila mwanafunzi alete picha moja ya zamani kutoka nyumbani, baada ya kumuuliza mzee wake kwa adabu: Huyu ni nani? Ilikuwa lini na wapi? Kwa nini alivaa hivi? Nakala ilipelekwa kwa nani? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, kwa penseli laini, nyuma ya picha. Mwanafunzi atakuwa amejifunza njeo iliyopita, vivumishi na nasaba kwa pamoja, na ukoo wake utakuwa umebaki na jina ambalo lingepotea.