Kutoka butura hadi akaunti ya kukodi

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, akikuambia ameuza kahawa kwa butura, ujue ameiuza ingali ua mtini. Ada ya shule imembana, au ana mgonjwa hospitali ya Nyakahanga, na mlanguzi mwenye fedha taslimu amekwisha kupiga hodi. Bei inayopangwa hapo ni ya shida, si ya soko. Serikali imeipiga butura marufuku mara kadhaa, na bado ipo. Naanzia hapo kwa makusudi: anayetaka kuelewa kazi za mtandaoni wanazozikimbilia vijana wa sasa, kwanza aangalie wazazi wao waliuza vipi.

Karagwe haikuwahi kuwa kando ya biashara. Wapelelezi wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa mtawala wake, Mukama Rumanyika, mwaka 1861, walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kuweka kituo Kafuro, wakitafuta pembe za ndovu. Mali ilikuwa huku, bei ikapangwa pwani, na faida ikamwendea aliyejua pande zote mbili. Kahawa ilipokuwa zao la fedha mambo yakawa yaleyale, mpaka wakulima wa Bukoba walipounda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1950. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, vikarudi miaka ya themanini. Leo Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, zinauza kahawa kupitia chama kikuu cha KDCU.

Hayo ni ya mazao. Aliyetaka kuuza kazi ya mikono yake ilibidi aibebe mwenyewe. Enzi za ukoloni vibarua kutoka pande hizi, Rwanda na Burundi walikwenda kulima mashamba ya Buganda. Kazi haikusafiri bila mtu.

Huko ng'ambo, mwaka 1999 tovuti ya Elance ilianza kuwakutanisha wenye kazi na wafanyakazi wasioonana. Mwaka 2003 Wagiriki wawili, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlakis, mmoja akiwa Marekani na mwenzake Athens, wakaanzisha oDesk kwa sababu walitaka kufanya kazi pamoja bila yeyote kuhama. Kampuni hizo ziliungana, na mwaka 2015 zikachukua jina la Upwork. Fiverr ilifunguliwa mwaka 2010, kazi moja dola 5.

Karagwe ya wakati huo ilikuwa mbali na hayo. Redio ya jamii FADECO ilipoanza kurusha matangazo mwaka 2007, Tanzania haikuwa hata na waya wa intaneti wa chini ya bahari. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. M-Pesa ilikuwa imetangulia mwaka 2008, kwa hiyo watu wengi walizoea kupokea hela kwenye simu kabla ya kufungua ukurasa wowote wa intaneti.

Kwa maoni yangu, aliyefungua njia ni kijana wa steshenari. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, mzazi anaingia na cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kijana anakiskani, anakituma kwa wakala wa usajili, RITA, kihakikiwe, anajaza fomu ya Bodi ya Mikopo, anachapa, anasubiri umeme urudi, anaendelea. Analipwa kwa ukurasa. Hiyo tayari ni kazi ya mtandaoni kwa kipande, isipokuwa mteja wake amekaa kwenye benchi mbele yake.

Akihamia soko la dunia, kanuni zinapinduka. Kahawa ya KDCU siku hizi inauzwa kwa mnada wa kidijitali kupitia TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Hapo wanunuzi wanashindana na bei inapanda. Kwenye tovuti za kazi wanaoshindana ni wauzaji. Mtu wa Kayanga huku Karagwe, wa Manila na wa Lahore wanaomba tafsiri ileile au uingizaji wa data uleule, na bei inashuka hadi abaki mwenye njaa zaidi. Tangu mwaka 2019 Upwork inauza hata pointi za kuombea kazi, senti 15 za dola kila moja, na ombi moja hula pointi kadhaa. Ukikosa, zimekwenda. Fiverr hukata asilimia 20 ya malipo. Bando nalo halingoji mtu apate mteja.

Kisha kuna kupokea hela. Kwa miaka mingi PayPal ilimruhusu Mtanzania kulipa lakini si kupokea, ikabidi apitie Payoneer na benki, au ndugu aliye nchi nyingine. Ndipo mlanguzi akarudi. Kenya, ambako serikali ilizindua mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, kumekuwa na biashara kubwa ya kukodisha akaunti. Mwenye akaunti yenye sifa nzuri anapewa kazi, anamsukumia asiyekuwa nayo, anamkatia anachotaka. Nyota na sifa zinabaki kwenye jina la mwenye akaunti. Akaunti ikifungiwa kwa kuvunja masharti, aliyefanya kazi hana wa kumdai.

Hiyo ni butura. Tofauti ni kwamba mlanguzi wa kahawa anachukua msimu mmoja, na mti unabaki shambani kwako. Huyu wa akaunti anaondoka na historia yako ya kazi, ambayo ndiyo mti wenyewe.

Wakulima walijibu kwa kuungana, na sioni kwa nini vijana wenye kompyuta wasiweze: ofisi moja, umeme wa akiba, intaneti ya kuchangia, mikataba inayosainiwa kama kikundi. Halmashauri zina mikopo ya vijana ya asilimia 10 ya mapato ya ndani wanayoigawana na wanawake na watu wenye ulemavu. Waiombe kwa kazi hii pia, si kwa bodaboda na kuku tu. Na wewe unayeanza leo, jisajili kwa jina lako na kitambulisho chako cha NIDA, hata kama kazi ya kwanza itachelewa.