Bwawa la udongo na njia ya maji ya ziada

Bwawa la udongo ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa kukinga maji ya mvua. Garissa na Wajir, ambako mito mingi hutiririka msimu wa mvua tu, wafugaji hutegemea mabwawa ya aina hii pamoja na silanga zilizochimbwa ardhini.

Maji yakipita juu ya ukuta huo huukata kwa kasi. Yakipenya ndani, huuchimba polepole. Kwa hiyo sharti pawepo njia ya pembeni ya kutolea maji ya ziada. Baadhi ya wamiliki huiinua ili wahifadhi maji mengi zaidi, na hiyo ni pupa ya hatari.

Huko Solai, Kaunti ya Nakuru, bwawa la kibinafsi la Patel lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018, baada ya mvua kubwa. Watu wasiopungua 47, waliokuwa bondeni chini yake, walifariki.

Silanga ya kuchimbwa haina tisho kama hilo. Adui yake ni mchanga unaoijaza. Hatari huanza pale ukuta unapoinuliwa juu ya makazi ya watu.