Safu ya Lugha: Mwanamieleka si Bondia

Wapo wanaomwita Becky Lynch bondia. Bondia hucheza ndondi, au masumbwi, na sumbwi ni pigo la ngumi. Lynch ni mwanamieleka, na aliyepigwa mweleka amebwagwa chini. Tazama Aprili 7, 2019, New Jersey, wanawake walipofunga pazia la WrestleMania, onyesho kuu la kampuni ya mieleka ya WWE, kwa mara ya kwanza: Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey. Rousey alimwinua Lynch mabegani. Lynch akajipinda, akamvuta chini, akambana mabega sakafuni hadi refa akahesabu tatu. Hapo ngumi haikuamua kitu.

Utaambiwa kwamba mchezo kama huo, uliopangiwa mshindi, haustahili jina kongwe la mieleka. Lakini neno linataja tendo, halisemi nani alijua matokeo mapema. Mgongo hugonga sakafu vilevile. Na tuna bahati: WWE ilisubiri hadi 2016 kuliondoa jina la “Diva” kwenye mkanda wa wanawake, ilhali “mwanamieleka” halijawahi kuuliza jinsia. Hata hiyo “wa kike” tunayoibandika nyuma yake, mara nyingi ni mzigo wa bure.